Mkwe Mara Mbili na Nusu

Mama mkwe wangu aliniomba picha moja. Alitaka aonekane ameketi, ametulia, uso wote, saizi ya kutundikwa ukutani kwake Tanga juu ya kabati la vyombo, pale palipokuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ambayo mwaka wake ulishapita zamani. Aliniomba mimi kwa sababu, kwa hesabu yake, mtu mwenye mikoba mitatu ya kamera, stendi ya miguu mitatu na kizibao chenye mifuko kumi na minne hawezi kushindwa na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti.

"Bila mbwembwe, baba," alisema. "Picha ya kawaida tu."

Picha hiyo ilinichukua mwaka mmoja na miezi mitatu. Mke wangu akiulizwa sababu hujibu kwa neno moja: klabu. Mimi nahitaji maneno mengi zaidi.

Klabu yetu ya wapiga picha ina watu thelathini na kitu kwenye kundi la WhatsApp na watu wanane kwenye matembezi. Tunatoka Jumamosi moja kila mwezi, alfajiri, kwa sababu Mwenyekiti anaamini mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi ndio mwanga, huo mwingine ni wa kuanikia nguo. Yuko nesi, yuko mwalimu mstaafu wa fizikia, yuko mhasibu, yuko fundi cherehani aliyezaliwa Bukavu ambaye kati yetu sote ndiye mwenye jicho, na niko mimi wa ofisini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulipwa kwa ajili ya picha, isipokuwa Katibu, ambaye alilipwa aache kupiga kwenye harusi ya shemeji yake.

Ugonjwa wa Mwenyekiti ni panorama. Hawezi kupiga picha ya kitu kimoja kikatosha. Ukimwonyesha mnazi, anataka na mnazi wa pili, na uzio, na jirani mwenye uzio, na bahari iliyo nyuma ya jirani. Neno lenyewe limetungwa kwa Kigiriki, maana yake ni kuona vyote, nalo lilianza kutumika kwa michoro ya mtu mmoja aitwaye Robert Barker, aliyechukua hataza yake mwaka 1787 na baadaye akajenga jumba la duara mjini London ili watu walipe kiingilio, wasimame katikati, wazungukwe na mchoro. Mwenyekiti hutusimulia habari za Barker kila safari, kwa sauti ya mtu anayemsimulia marehemu babu yake.

Kuipiga panorama ni rahisi kueleza. Kamera unaisimamisha wima kwenye stendi. Unapiga picha ya kwanza, unaizungusha kidogo, unapiga ya pili, kila moja ikilalia mwenzake kwa thuluthi hivi, mpaka umalize upeo. Mwanga, fokasi na rangi unavifunga kwa mkono tangu mwanzo, la sivyo anga litatoka na milia kama godoro. Tena inapasa kamera izunguke kwenye lenzi yake, siyo wewe uzunguke nayo kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Ukizunguka nayo, vitu vya karibu vinahama mbele ya vitu vya mbali na picha zinakataa kuungana. Ukifika nyumbani, programu ya kompyuta inazishona. Fundi cherehani wetu alielewa siku ya kwanza. "Ni gauni la vipande," alisema. "Ukikosea pindo, ua linakatwa shingo."

Lakini gauni halitembei. Watu wanatembea.

Tulikwenda soko la samaki la Feri. Mwenyekiti akasimamisha kamera, akapiga vipande kumi na kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati huohuo mchuuzi mmoja kijana, jodari begani, alikuwa akitoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo uleule wa lenzi, wala hakuna aliyemtilia maanani. Programu iliposhona, ikamshona mara nne. Mwenyekiti hakuona kosa. Aliona bahati. Aliichapisha picha ile kwenye karatasi nzuri, na mwezi uliofuata akarudi nayo sokoni kama zawadi, sisi nyuma yake.

Kijana aliifuta mikono kwenye aproni, akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama kutoka kushoto kwenda kulia kama anayesoma.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe," Mwenyekiti akasema, anatabasamu.

"Na huyu?"

"Ni wewe pia. Wote wanne."

"Na hawa jodari?"

"Jodari ni yuleyule mmoja."

Kijana akatazama nyuma yake, kuelekea meza ya mnadani. "Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "siku ile nilileta hesabu ya jodari mmoja. Tajiri akiona hii karatasi, watatu nitasema nimewapeleka wapi?"

Hakuna mtu katika klabu yetu aliyewahi kujibiwa hivyo na mhakiki yeyote. Mwenyekiti akaanza kueleza habari ya mwendo na upeo na Barker. Kijana akasikiliza kwa adabu, kisha akachukua kisu cha kupasulia samaki, akailaza picha kwenye ubao wenye magamba, akakata. Akabaki na mchuuzi mmoja na jodari mmoja, akavitia mfukoni, akaturudishia kilichobaki, akashukuru. Mwenyekiti alikaa kimya njia nzima mpaka Posta.

Mama mkwe alipiga simu jioni ile. Aliuliza picha imefikia wapi. Nilimwambia tuko kwenye maandalizi.

Ugonjwa wangu mimi ulikuja baadaye, na aliyeuleta ni Mwalimu. Siku moja kwenye kikao, sahani za chipsi mayai zikiwa mezani, alitoa mfukoni rimoti ya televisheni, akaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu yake, akabonyeza. Machoni petu hakukutokea kitu. Kwenye skrini ya simu, ncha ya rimoti ikawaka taa ndogo ya zambarau, ikakonyeza-konyeza.

"Rimoti hii," akasema, "imekuwa ikiwaka mbele ya nyuso zenu tangu mnunue televisheni, na hamjaiona hata siku moja."

Nilihisi nimedhulumiwa. Miaka yote hiyo!

Akaendelea. Jicho la mtu linakomea kwenye mwanga wa nanomita 700 hivi, kule kwenye wekundu wa mwisho. Ukivuka hapo ndipo ilipo infraredi, na jani bichi linairudisha kwa wingi kuliko linavyorudisha kijani chake. Si rangi inayofanya kazi hiyo. Ni nyama ya ndani ya jani, yenye seli na vijumba vya hewa, ambamo mwanga huo huingia, ukagongwa huku na huku, ukatupwa nje. Kwa hiyo ukiwa na kamera inayoona infraredi peke yake, mti unatoka mweupe kama umefungwa pamba, anga la bluu na maji yanakuwa meusi, na mawingu yanang'aa kama masufuria yaliyosuguliwa na jivu. Aliyechapisha picha za namna hiyo mapema kabisa ni mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, mwaka 1910, na weupe ule wa majani mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Nilidhani Wood ni mti, kumbe ni mtu.

Kisha akatuonyesha picha za Richard Mosse, yule wa Ireland aliyekwenda mashariki ya Kongo na filamu ya Kodak ambayo zamani jeshi liliitumia kuvumbua wanajeshi waliojificha kwa vitambaa vya kijani, kwa sababu jani la kweli na kitambaa havitoi infraredi sawasawa. Kwenye filamu ile milima ya Kivu ilitoka ya waridi, waridi lenye kelele, na askari wamesimama katikati yake. Kazi hiyo ilifika kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013. Sote tukanyamaza kwa heshima. Fundi cherehani aliitazama muda mrefu kuliko wote.

"Kwetu ni kijani," akasema. "Hata kitenge cha rangi ile mama angekirudisha dukani." Halafu baada ya kimya kidogo: "Lakini kile kilima nakijua."

Wiki ile nikaagiza filta ya infraredi. Ilipofika, mke wangu aliiinua kwenye taa, akaniuliza kwa nini nimelipa pesa yote ile kwa kifuniko. Kwa kweli ilikuwa nyeusi ti. Kazi yake ni kuzuia kila unachokiona na kupitisha usichokiona. Shida ni kwamba ndani ya kamera watengenezaji wameshaweka kioo kinachofanya kinyume chake, kinazuia infraredi isiharibu rangi. Ukivitia vyote viwili, mwanga unaobaki ni wa kuombewa. Kamera inabidi ikae wazi nusu dakika au zaidi, juani, mchana kweupe, kwenye stendi, na wewe usikohoe.

Ndivyo nilivyokuwa asubuhi moja kando ya barabara ya ufukweni, mbele ya mkungu mmoja mkubwa, wenzangu wakiwa mbali kidogo wanakunywa chai. Nyuma ya mkungu kulikuwa na jengo. Silitaji. Akaja mlinzi, rungu mkononi, mwendo wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha, afande. Mti huu."

Akautazama mti, akanitazama mimi. "Mbona hupigi?"

"Inapiga sasa hivi, afande. Bado sekunde ishirini."

Tukasimama wote wawili, tunasubiri, kama watu waliokutana kituo cha daladala. Kamera ikalia *klik*.

"Hebu nione." Akainama, akaweka jicho kwenye kitundu. Filta ilikuwa bado iko mbele, kwa hiyo aliona giza la kaburi. "Humu hamna kitu."

"Ndiyo, afande. Hamna kitu."

"Sasa unapiga nini?"

Mtu mwenye akili angesema kamera imeharibika. Lakini masikioni mwangu mlikuwa bado na somo la Mwalimu. "Afande," nikasema, "kamera hii inaona mwanga usioonekana kwa macho."

Ndani ya dakika mbili tulikuwa na walinzi watatu na mkubwa wao mwenye redio. Kijana mmoja kati yao, aliyekuwa amevaa shati jepesi, akauliza kama inaona mpaka ndani ya nguo, huku akikunja mikono kifuani. Na swali hilo halikuwa la kijinga: mwaka 1998 kamera fulani ya video ya Kijapani yenye uwezo wa kuona gizani iligundulika kwamba, ikitumiwa mchana na filta, ilipenya baadhi ya nguo nyepesi, ikazua kelele mpaka ikabidi kampuni iibadilishe. Hayo nayo nilikuwa nimeyasikia kwa Mwalimu. Kwa hiyo badala ya kusema hapana, nikasema: "Siyo hii."

Aliyeniokoa ni nesi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado yuko na sare yake nyeupe. Akaja polepole, akanishika kiwiko, akamwambia yule mkubwa kwa upole wa kazini: "Samahanini sana. Ni mgonjwa wetu, tunamtoa kidogo apunge hewa."

Walinzi wakatawanyika kwa huruma. Yule wa shati jepesi alinibebea stendi mpaka garini.

Baada ya hapo niliamua kuondoa kabisa kile kioo cha ndani ili nipige haraka kabla walinzi hawajafika. Kuna mafundi ulimwenguni wa kazi hiyo. Wa kwangu alikuwa fundi simu, Kariakoo, kwenye meza ya upana wa chano. Nilimuuliza kama amewahi kufungua kamera. "Kamera," akasema, akiendelea kumenya karanga, "ni simu isiyopiga."

Nikampigia mke wangu kumweleza nitachelewa. Katika lugha yetu ya klabu kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga tunakiita sensa. "Nasubiri," nikamwambia, "wameshafungua sensa."

"Sensa?" akasema. "Si tulihesabiwa 2022?"

Kamera ilirudi ikiwa hai. Miti ilitoka myeupe ya ajabu kwa sehemu ndogo ya sekunde, mkononi, bila stendi. Fokasi ilikuwa imesogea kidogo, kwa maana infraredi haikutani pale unapokutana mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani zilikuwa na alama nyekundu ya kukukumbusha, za sasa nyingi hazina. Hilo nililizoea. Nikawa jasiri, nikaunganisha magonjwa yote mawili: panorama ya infraredi, vipande tisa, ufukwe wa Kunduchi. Bahari nyeusi, mikoko myeupe, na juu yake, kwenye anga lililokolea, ndege tisa weusi waliopanga mstari mmoja, umbali sawa kati yao, wakielekea kusini.

Kikao kizima kilishangilia. Mwenyekiti alisema katika miaka yake yote hajaona mtu akibahatika kuwapata ndege kwa nidhamu ile. Katibu alisema ni mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya. Mimi nilisema nilisubiri sana. Nesi ndiye aliyeikuza picha kwenye simu, akaikuza, akaikuza tena, akawa kimya.

"Ndege hawa," akasema, "wote wamekunja bawa la kushoto."

Lilikuwa ganda la karanga. Lile jembamba jekundu, linaloruka ukilipuliza. Lilikuwa limekaa ndani, juu ya sensa, na kwa kuwa kila kipande cha panorama kinapigwa na sensa ileile, kila kipande kilikuwa na ndege wake mahali palepale. Lilitolewa kwa pumzi moja. Jina la Mzee Mbayuwayu halijatoka.

Mama mkwe akapiga tena simu. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo mke wangu alikuwa amelitambua siku ileile ya Kariakoo, ila alikuwa akingoja nilifikie mwenyewe: kamera yangu nzuri haikuweza tena kupiga picha ya kawaida. Sasa ilikuwa ikiona wekundu na weupe tu.

"Yaani," akasema, "umemlipa mtu aiharibu."

Mwezi wa nane klabu ilitangaza safari ya familia, Kaole. Mama mkwe alikuwa Dar kwa wiki mbili, akaja nasi, amevaa buibui lake zuri jeusi, amekaa kiti cha mbele cha Coaster karibu na dereva ili awe wa kwanza kufika. Kaole iko kilomita 5 hivi kusini ya mji wa Bagamoyo: magofu ya msikiti wa tangu karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo zilizosimama kama vidole, minazi, mikoko upande wa bahari, na mbuyu mkubwa wa mamia ya miaka. Mpango wote wa Mwalimu ulikuwa juu ya mbuyu huo. Alikuwa ameuchora kwenye daftari: kivuli cheusi cha makaburi, anga jeusi, na juu yake mbuyu mweupe pe, kama mwavuli wa theluji.

Tukashuka, tukalipa, tukafuata kinjia, tukafika.

Mbuyu haukuwa na jani hata moja. Watu wanane wazima, stendi nane, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbuyu hupukutisha kiangazi. Ulisimama pale kijivu, uchi, na matawi yake juu kama mtu aliyeambiwa anyooshe mikono. Mwalimu alifunga daftari.

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmekuja kutafuta majani ya mbuyu mwezi wa nane?" akauliza. "Hamkuuliza hata mbuzi?"

Mwongozaji, kwa kutuonea haya, akasema inasimuliwa kwamba ukiuzunguka mbuyu ule unaongezewa miaka. Mama mkwe akauzunguka taratibu, mara tatu, mkono mmoja ukigusa gome. Aliporudi aliniambia sasa ana muda wa kuisubiri ile picha.

Nikaona nisipomaliza siku ile sitamaliza. Nikamketisha kwenye kigoda chini ya mnazi, mwanga laini, uso umegeuka kidogo. Nikaibadilisha picha kuwa nyeusi na nyeupe ili ule wekundu usionekane, nikapiga. Nikampa kamera aione.

Naomba nieleze kwanza mambo matatu ya kisayansi. Rangi nyeusi nyingi za vitambaa hazizuii infraredi. Ziko nyeusi kwa macho yetu tu, kwa kamera ile ni nyeupe. Ngozi ya mtu kwenye infraredi hulainika ikawa kama nta, makunyanzi yakapungua, na mboni zikageuka vishimo vyeusi. Tatu, lenzi nyingine, na yangu imo, hutia doa la mwanga katikati ya picha, duara linalong'aa ambalo wataalamu wanalilaani duniani kote.

Alishika kamera kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu mpaka nesi, aliyekuwa akichungulia begani, akashindwa kuvumilia akasema mishipa ya mkono imetoka vizuri sana, sindano isingekosea.

"Baba," mama mkwe akasema.

"Naam, Mama."

"Hapa nimeshazikwa, au bado?"

"Hapana, Mama, ni mwanga wa..."

"Na sanda hii nani kanivisha?" Akaonyesha buibui lake kwa kidole. Kisha akaonyesha lile duara la mwanga juu ya kifua chake. "Na hawa walionijia na taa?"

Mke wangu aligeuka akatazama msikiti wa karne ya 13 kwa umakini ambao hajawahi kuuonyesha kwa jengo lolote.

Dereva alipoanza kupiga honi, Mwenyekiti akataka picha ya wote, haraka, kwa simu, panorama. Tukajipanga mstari mmoja mrefu pale mchangani karibu na gari, mama mkwe katikati kwenye kigoda chake. Mimi nilikuwa mwisho wa kushoto, nimeshakata tamaa, na tamaa iliyokatika huleta wazo. Nilikumbuka habari za zile picha ndefu za shule za zamani huko ng'ambo, za kamera za Cirkut zilizokuwa zikizunguka zenyewe polepole, na jinsi mwanafunzi mtundu alivyoweza kupigwa upande mmoja, akakimbia nyuma ya mstari, akapigwa tena upande wa pili. Simu nayo inazungushwa polepole. Nina miaka 47. Nilikuwa nimevaa sandali.

Simu ikaanzia kwangu. Nikakunja mikono, nikatabasamu. Iliponipita, nikachomoka.

Kuna kanuni moja hapa ambayo Mwenyekiti alikuja kunieleza akiwa ameshikilia mbavu. Panorama ya simu hukusanywa kwa vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine. Ukiwahi mbele ya simu, unatokea mara mbili, safi. Ukikimbia kwa mwendo uleule wa simu, kila kipande kipya kinakukuta hapohapo, na unavutwa kama chapati. Mimi nilidhani nakwenda kasi. Kumbe nilikuwa nakwenda sambamba. Na nilipofika karibu na mwisho wa kulia, kwenye mzizi, sandali ikakatika.

Picha iko hivi. Kushoto kabisa nimesimama mtu mzima, mikono imekunjwa, mwenye heshima zake. Nyuma ya vichwa vya Katibu, nesi, mke wangu na mhasibu kuna mimi mmoja tu, mrefu kama basi la mwendokasi, shavu moja likianzia kwa Katibu na sikio likiishia kwa mhasibu. Kulia kabisa, baada ya mtu wa mwisho, kuna mguu. Mguu tu, hewani, na juu yake sandali isiyo na mwenyewe.

Na katikati, kwenye kigoda, yuko mama mkwe. Alikuwa amesikia pumzi zangu zikipita nyuma ya shingo yake kama pampu ya baiskeli. Amecheka mpaka meno ya dhahabu mawili yameonekana, ambayo mimi nilikuwa sijui anayo. Buibui ni jeusi. Rangi ni za kawaida.

"Hii," akasema, akiikuza kwenye simu ya Mwenyekiti. "Hii ndiyo."

"Nitakukata ubaki peke yako, Mama," nikasema. "Itatoka vizuri, saizi ya fremu."

"Thubutu."

Sikukuu ya Idi tulikwenda Tanga. Kalenda imetoka. Picha ni ndefu kuliko kabati, imepita juu ya saa ya ukutani ikabidi saa ihamishwe chumbani. Wageni walikuwa wanne, kahawa na kashata mezani, na mama mkwe amesimama na mpini wa kipepeo mkononi kama mwalimu wa jiografia.

"Huyu ni mkwe wangu, yule wa Dar. Na huyu hapa mrefu, ni yeye. Na huu mguu wa huku, wake."

Mzee mmoja aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaiinamia sehemu ya kulia kwa muda. Kisha akageuka akanitazama miguuni.

"Na ile sandali," akaniuliza, "ilipatikana?"